Kahawa ya Mama yake Obdulia

Kila siku saa tisa alasiri Providencia Texidor alimpelekea bibi yake kahawa, na bibi yake hakuigusa. Kutoigusa kwenyewe hakukumshangaza mtu, maana bibi alikufa mwaka 1933. Kilichomkera Providencia ni kwamba marehemu wengine wa nyumba ile, wote wa upande wa baba, walikuwa na adabu ya kuonyesha kwamba wamepokea. Babu Texidor akiwashiwa sigara, sigara iliungua mpaka mwisho bila kuzimika. Bibi Georgina, mama yake baba, akibadilishiwa maji siku ya Jumatatu, glasi ilijaa vipovu kabla ya mchana, na vipovu vikawa vingi zaidi akiwa na malalamiko. Bibi Leonor peke yake, mama mzaa mama, ndiye aliyekaa ndani ya fremu yake akitazama pembeni kama mtu aliyeletewa sahani ya jirani kwa makosa.

Meza yao ya marehemu ilikuwa pembeni mwa sebule, kama meza za nyumba nyingi za Guayama, mji wao wa kisiwani: kitambaa cheupe, glasi saba za maji, msalaba, maua, chupa ya marashi ya Florida, na ukutani juu yake picha za waliotangulia. Watakatifu walipangwa mbele. Mtakatifu Martin, yule mweusi mwenye ufagio, aliwekwa nyuma ya mlango. Obdulia, mama yake Providencia, alisema hapo ndipo pake kwa sababu ya ufagio. Watakatifu wenzake hawakushika ufagio, na wote walikuwa na rangi ya maziwa.

Picha ya Bibi Leonor ndiyo iliyopewa nafasi ya katikati. Alikuwa mama mweupe wa kweli, si mweupe wa kuambiwa, ameketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu, shingoni ana kola ya lesi. Juu ya mgongo wa kiti, karibu na bega lake la kulia, palikuwa na mchongo wa vitu vinne vyeusi vya mviringo, vimepangana. Providencia alikuwa akiufuta vumbi mchongo ule tangu ana miaka sita, na sasa alikuwa na sitini. Siku moja utotoni aliuliza ni nini. Aliambiwa ni urembo, kiti kimetoka Ulaya. Aliambiwa pia kwamba fremu ile haishushwi, inafutwa pale pale ilipo, naye akashika hilo kama alivyoshika mengine.

Providencia mwenyewe alikuwa mweusi, na ndivyo alivyozaliwa. Siku aliyozaliwa Bibi Georgina alimtazama mtoto, akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama dirishani. Obdulia akasema ni jua la Guayama, na watu wazima wakakubaliana hivyo. Mtoto alikuwa na siku moja na hajatolewa nje.

Obdulia alikuwa na rangi ya mdalasini, na nywele ambazo kwa miaka sabini alizinyoosha kwa kitana cha moto kila Jumamosi. Baba yake hakutajwa, na katika nyumba ile asiyetajwa haulizwi. Mama yake alitajwa sana. Leonor, kutoka Maunabo, nyuma ya milima. Leonor wa kola ya lesi. Mgeni akiingia, kabla hajakalishwa alionyeshwa picha.

Sasa Obdulia alikuwa na miaka themanini na sita na hatoki kitandani tangu Kwaresima. Daktari alisema moyo umechoka, akaandika dawa ambayo mwenyewe hakuonekana kuiamini. Obdulia hakulalamika. Mtu wa nyumba ile anajua jinsi watu wanavyoondoka: marehemu wako wanakuja kukuchukua, wanaketi ukingoni mwa kitanda, mnaongea kidogo, mnakwenda zenu. Alichongoja ni hao wa kuja.

Nao walikuja, ila si aliowataka. Wiki ya kwanza alimwona marehemu mumewe mlangoni, amevua kofia. Akamwambia asubiri nje. Wiki ya pili akaja Bibi Georgina, akapitisha kidole juu ya kabati kuangalia vumbi. Obdulia alifumba macho mpaka akaondoka.

"Siondoki humu na wakwe," alimwambia binti yake asubuhi yake. "Nataka mama yangu."

Basi kahawa ya saa tisa ikawa jambo la kufa na kupona. Kila Providencia akiiweka mezani, sauti ilitoka chumbani ikiuliza kama amekunywa. Providencia alitazama kikombe cha kaure chenye maua ya waridi, alitazama picha, akajibu, bado, Mama. Siku moja, alipojibiwa hivyo, Obdulia akasema, taratibu, kama anayeuliza saa ngapi sasa, "Asipokuja, mimi nitakwenda na nani?" Providencia aliingia jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Alimhurumia mama yake. Yeye, fundi cherehani kwa miaka arobaini, aliyezoea kwamba kila nguo isiyokaa vizuri ina mahali pa kufumuliwa, hakuona pa kufumua.

Alijaribu kila alichokijua. Aliongeza sukari, akapunguza sukari, akatia maziwa, akatia mdalasini. Aliosha sakafu kwa maji ya rihani na marashi. Alisoma rozari nzima huku akiwa amepiga magoti juu ya goti lililomuuma. Kila Jumatatu wanawake wa mtaa walikuja kukaa kwenye meza ile na kusikiliza nani ana ujumbe, na Jumatatu tatu mfululizo wakaita Leonor, Leonor, Leonor. Akaja marehemu mume wa mtu, akitafuta miwani yake.

Ramonita Cora, jirani wa ukuta kwa ukuta, mfuga kuku na rafiki yake tangu shule, alikuwa na maoni yake kama kawaida.

"Shoga, mama wa watu ni mweupe pe," alisema. "Labda anataka chai."

Wakajaribu chai. Haikusaidia.

Mwezi wa tano akaja mtu wa sensa. Fomu ilikuwa imeletwa tangu mwezi wa tatu, na Providencia aliijaza yote akabakiza swali la rangi. Lilikuwa halijaulizwa kisiwani kwa miaka hamsini na watu walikuwa wameshapumzika nalo. Obdulia alitoa amri kutoka kitandani kwamba waandikwe weupe wote wawili. Providencia alishika kalamu, akaitazama mikono yake mwenyewe, akaiweka kalamu chini. Fomu ikakaa juu ya jokofu, na serikali ikamtuma Bwana Wilfredo, mwalimu mstaafu mwenye mkoba shingoni na jasho jingi.

Alikaribishwa kiti na maji baridi. Aliuliza wanaishi watu wangapi. Wawili, alijibu Providencia. Aliuliza majina, umri, nyumba ni ya nani. Kisha akakohoa na kuuliza lile swali.

"Mimi mweusi," alisema Providencia.

Bwana Wilfredo aliinua kichwa. Katika mtaa ule wenye nyumba arobaini, alisema, Providencia alikuwa wa tatu kujibu hivyo. "Watu wa mtaa huu ni weupe sana," akaongeza bila kucheka, akijifuta jasho kwenye shingo yake nyeusi. "Na mama?"

Kabla Providencia hajafungua mdomo, chumba kikajibu.

"Mimi mweupe," alisema Obdulia. Kwa mtu ambaye moyo wake umechoka, sauti ilifika vizuri. "Mwonyeshe picha ya mama yangu. Ishushe aione."

Miaka hamsini na minne ya kufuta vumbi, na ndiyo mara ya kwanza Providencia kusikia neno ishushe. Pengine mzee alisahau katazo lake mwenyewe. Pengine mbele ya serikali alijisahau. Providencia alipanda kigoda akaishika fremu kwa mikono miwili. Mbao za nyuma zilikuwa zimeliwa na mchwa. Akabaki na ukingo wa fremu mikononi, na vilivyobaki, kioo, kadibodi na Bibi Leonor, vikaenda chini pamoja.

Bwana Wilfredo alisaidia kuokota vioo vikubwa. Alikuwa mtu mstaarabu. Alisema swali la mama linaweza kungoja, atarudi Ijumaa alasiri, akaandika jambo kwenye karatasi yake na kuondoka akikanyaga kwa uangalifu.

Providencia alichukua ufagio, akaokota picha kwanza ili asiifagie. Ilikuwa nzito kuliko picha ya kawaida. Aliigeuza. Nyuma ilikuwa imekunjwa, kipande cha upana wa kiganja, kimebanwa mpaka kikawa kitu kimoja na kilichobaki. Akakifungua kwa ukucha, kama anavyofungua pindo la zamani.

Mchongo wa kiti ulikuwa vidole. Vidole vilikuwa na mkono, mkono ulikuwa na mtu. Mwanamke mrefu, mweusi, aproni nyeupe, kilemba kichwani, miguu mitupu, amesimama akishika kiti kisiyumbe, kwa sababu sakafu ya mahali pale, sasa ilionekana wazi, ilikuwa na mteremko. Hakuitazama kamera kwa woga wala kwa furaha. Aliitazama kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Na uso ule Providencia aliujua. Ndio aliokuwa akiunawa kila asubuhi.

Alikaa sakafuni palipokuwa bado na vioo. Kwanza hakuhisi kitu. Kisha alikasirika, na hakujua amkasirikie nani, maana waliostahili walikuwa wamekufa au wamelala chumba cha pili. Kisha ikaja haya, akakumbuka zile alasiri zote, sinia, kikombe cha waridi, na yeye akiinamisha kichwa mbele ya kola ya lesi.

Ramonita aliingia bila kubisha kwa sababu alisikia kioo. Alitazama picha kwa muda, akavuta kiti akakaa.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "tumekuwa tukimpikia mwajiri."

Providencia aliokota kipande cha kioo karibu na goti lake.

"Na huyu kasimama nyuma anatuangalia. Alimhudumia akiwa hai, akafa, akaona wajukuu wamechukua sinia." Ramonita akatikisa kichwa. "Mimi kwa hasira nisingeleta hata kipovu."

Providencia aliibeba picha mpaka chumbani na kuiweka juu ya shuka, imefunguliwa yote, palepale mama yake angeweza kuifikia. Obdulia aliitazama, kisha akahamisha macho kwenye dari. Dari ile ilikuwa na doa moja la maji, akalisoma kwa muda mrefu.

"Huyo ni mpishi," alisema mwishowe.

"Mpishi anaitwa nani?"

Dari.

"Mama, marehemu haji bila kuitwa kwa jina lake. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Obdulia akageukia ukutani. Kugeukia ukuta kulikuwa kazi, alihitaji kusaidiwa, na Providencia alimsaidia.

Alikaa hivyo Jumanne yote na Jumatano. Alikunywa vijiko viwili vya supu ya kuku wa Ramonita, na vya kulazimishwa. Hakuuliza kahawa. Daktari alipita, akashika mkono wake kutafuta mapigo na kuchelewa kuyapata. Providencia alilala kwenye kiti cha pembeni akiwa na wazo moja kichwani, kwamba mama yake angeweza kufa wakati wowote akiwa ameshikilia jina lile mdomoni kama mtoto anayeficha peremende, na likazikwa naye. Halafu yule mrefu wa aproni angeitwa na nani? Na huyu wa kitandani angechukuliwa na nani? Aliogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa.

Alhamisi ilipofika saa tisa, Providencia hakupika kahawa. Hakupanga kutopika. Alisimama mbele ya jiko ameshika kile kitambaa cha kuchujia, akaona hana wa kumpelekea, akakitundika tena kwenye msumari. Nyumba ikakaa bila harufu. Saa ya ukutani iligonga tatu kwa hesabu yake, akasikia kitanda kinalia.

"Leo hukupika," alisema Obdulia.

"Simjui anayekunywa."

Kisha mzee aliomba ageuzwe. Alipokwisha kugeuzwa na mto kuwekwa vizuri, alisimulia, na alisimulia kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya njia. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Mama yake alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, jikoni kwa bibi mwenye nyumba, Doña Leonor, ambako alipika tangu hajavunja ungo. Kijana wa Texidor alikuwa amemposa, na Bibi Georgina, aliyekuwa na nia ya kuboresha kizazi, yaani kukifanya cheupe zaidi, alimtaka bi harusi alete picha ya marehemu wake iwekwe mezani. Picha alikuwa nayo moja tu. Mpiga picha alikuja kumpiga Doña, kiti kikawa kinayumba, wakamwita mpishi akishike. Doña hakuipenda picha ile kwa sababu ya mpishi, akampa mpishi. Obdulia alipanda basi la kuvuka milima akiwa nayo mapajani. Walipofika kilele, akaikunja kwenye goti.

"Nilisema nitaikunjua tukishazoeana," alisema. "Niliikunja mara moja tu."

Providencia alikaa kitandani. Alitaka kusema maneno makali, alikuwa ameyaandaa tangu Jumatatu na alikuwa ameyapanga vizuri. Hakuyaona yalipokwenda.

"Sasa unaelewa haji kwa nini," aliendelea Obdulia. "Si kahawa. Mtu umemkunja miaka sitini na mitano, halafu unamwambia njoo unichukue. Mimi nisingekuja." Machozi yalimtoka bila uso wake kushiriki, yakaingia masikioni. Providencia akayafuta kwa ncha ya shuka, sikio moja, kisha la pili.

"Niambie jina, Mama. Tumwite, akatae mwenyewe."

Midomo ya Obdulia ilijaribu. Ilikuwa kama kufungua dirisha lililopakwa rangi likiwa limefungwa. "Casimira," alisema. Akangoja aone kama kuna kitakachotokea. Hakikutokea kitu, jogoo wa Ramonita tu aliwika nje ya saa yake kama kawaida. "Casimira," alisema tena, sasa kwa urahisi, na baada ya hapo hakunyamaza. Casimira hakunywa kwa kikombe. Vikombe vya nyumba ile havikuwa vyake, alikatazwa kuvitia mdomo, naye akaapa kwamba hata siku moja akibembelezwa hatavitia. Alikunywa kwa kifuu cha nazi, amekikwangua mwenyewe mpaka kikang'aa, akakaa kwenye ngazi ya nyuma. Saa tisa, ndiyo. Saa tisa ilikuwa yake, Doña akiwa amelala.

"Sukari ngapi?"

"Hapana. Sukari alijua inavyopatikana huko mashamba ya miwa."

Siku ya Ijumaa asubuhi Providencia alikwenda kwa Ramonita kuomba kifuu. Kilikuwepo kimoja, cha zamani, kilichotumika kuwapimia kuku mahindi. Ramonita alikitoa kwa kusita, si kwa uchoyo, alisema, bali kwa heshima. Walikisugua kwa mchanga, wakakiosha kwa maji ya rihani, wakakiosha tena kwa marashi ya Florida, halafu wakakichemsha kuondoa marashi ili kahawa isinuke saluni. Picha waliitia kwenye fremu kubwa iliyokuwa na cheti cha ushonaji cha Providencia. Sasa wanawake wote wawili walionekana, aliyeketi na aliyesimama, na alama ya mkunjo ikipita katikati yao kama mpaka wa kiwanja.

Hapo Ramonita akaleta tatizo. Alikuwa na kipaji hicho.

"Na Doña Leonor? Umemlisha miaka yote, amezoea. Huwezi kumfukuza marehemu hivihivi, atavunja vyombo."

Providencia alifikiri. Kisha akachukua glasi ya kawaida, akaijaza maji ya bomba na kuiweka upande wa aliyeketi.

"Maji atapata," alisema. "Kahawa aamke apike."

Kutoka chumbani Obdulia, ambaye masikio yake hayakuchoka kamwe, alisema kwamba Leonor hakuwahi kujimiminia hata maji maishani mwake. Providencia alisema ana muda wa kujifunza. Walisikia sauti ambayo hawakuitambua mara moja. Mzee alikuwa anacheka.

Kabla ya kumaliza, Providencia alimtoa Mtakatifu Martin nyuma ya mlango, akampangusa ufagio wake, akamweka mbele. Hakuna aliyemuuliza.

Mchana Obdulia alidhoofika. Hakutaka supu, hata ya kulazimishwa. Mikono ilikuwa ya baridi, na Providencia akamwita daktari, ambaye alisema atapita jioni kwa sauti ya mtu asiyeona haja ya kukimbia. Obdulia aliomba nywele zake zifunguliwe. Kitana cha moto hakikuwa kimepita tangu Kwaresima, na kwenye mizizi zilikuwa zimerudi zilivyo, nyeupe na zilizosokotana. Providencia alizigawa mafungu manne akamsuka. Obdulia aliuliza, mara mbili, kama binti yake, angekuwa Casimira, angekuja. Providencia alijibu mara zote mbili kwamba hajui. Hakutaka kumdanganya. Kwenye nyumba ile uongo ulikuwa umefanyiwa kazi ya kutosha.

Saa tisa alichuja kahawa. Nyeusi, chungu, bila kitu. Akaimimina kwenye kifuu, akakiweka mezani upande wa aliyesimama, akasema jina kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aliye uani. Casimira. Bibi yangu, aliongeza, mama yake Obdulia. Kisha akaona haya, maana marehemu anajua yeye ni mama wa nani.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Bwana Wilfredo na mkoba wake, ameshika ahadi yake kama mwalimu. Aliomba radhi kwa usumbufu na kusema limebaki swali moja tu, la mama. Kalamu alikuwa tayari ameifungua.

"Providencia," aliita Obdulia.

Sauti haikuwa ya mgonjwa, wala haikuwa ya amri. Providencia hakuwahi kuisikia. Ilikuwa ya msichana. Akamwambia mtu wa sensa asubiri, akaingia chumbani haraka.

Obdulia alikuwa macho. Hakumtazama binti yake. Alitazama mwisho wa kitanda, chini kidogo ya msalaba, na uso wake ulikuwa na haya na furaha kwa pamoja.

"Sogeza miguu yangu," alisema. "Hana pa kukaa."

Providencia aliinua shuka. Miguu ilikuwa myepesi, yote miwili haikufika uzito wa mkasi wake mkubwa wa kukatia. Aliishika visigino na kuisogeza taratibu mpaka ukutani, akalainisha shuka pale palipoachwa wazi, akarudi nyuma hatua moja kama unavyompisha mkubwa. Harufu ya kahawa ilikuwa imejaa chumba. Obdulia alikuwa ameanza kuongea kwa sauti ndogo, kwa haraka, na hakuwa akiongea naye.

Akatoka, akavuta mlango bila kuufunga. Bwana Wilfredo alikuwa bado kizingitini, kalamu juu ya karatasi. Hakuwa mtu wa kuuliza yasiyo ndani ya fomu.

"Niandike nini, mama?"

"Mweusi."

Aliandika. "Basi wote wa nyumba hii ni weusi. Wangapi tulisema?"

"Watatu," alisema Providencia. Kisha akaikumbuka serikali, inayotaka watu wake wawe wanapumua. "Wawili. Andika wawili. Na fanya haraka kidogo, nina mgeni."